Kuthibitisha Wewe ni Nani Pale Taarifa za Mkopo Zinapokosewa

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa kata za Kilosa na Mikumi



Mkulima wa mahindi wa Dumila anayehitaji fedha za mbegu na mbolea hana mwaka mzima wa kungoja. Masika yakikaribia, siku zake ni za kuhesabu. Na ichukuliwe kwa mfano kwamba mkulima huyo, mtu mzima mwenye shamba na familia, amekwenda benki na nyaraka zake zote. Ofisa mikopo anaandika jina lake kwenye kompyuta, ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Mzee wangu, hapa unaonekana una deni la mwaka juzi ambalo hujalimaliza." Mzee hajapata kukopa popote. Anasema huyo si yeye. Ofisa, kwa heshima zote, anamjibu, "Basi thibitisha."

Neno hilo moja ndilo linaloyaleta mazungumzo haya. Kwa maana kuthibitisha kwamba umelipa deni ni kazi nyepesi ikiwa stakabadhi ipo. Kuthibitisha kwamba wewe ndiwe wewe, na kwamba yule mwingine mwenye jina kama lako si wewe, ni kazi ya namna nyingine kabisa.

Kwanza ifahamike taarifa hizo zinatoka wapi. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006 iliipa Benki Kuu mamlaka ya kuweka kanzidata ya taarifa za wakopaji, na mwaka 2010 zikatungwa kanuni za kuiendesha kanzidata hiyo pamoja na kanuni za taasisi binafsi zinazochakata taarifa hizo kwa leseni. Taasisi za kwanza kupewa leseni hizo nchini ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania, na zote zina ofisi Dar es Salaam. Benki hupeleka habari za wateja wake waliokopa: nani kakopa, kiasi gani, amelipaje, amechelewa siku ngapi. Mkopeshaji mwingine anapoombwa mkopo huagiza taarifa ya mwombaji na kuisoma kabla ya kuamua.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosea. Taasisi inayochakata taarifa haimkatalii mtu mkopo, wala haikubuni deni. Inaandika inacholetewa. Kwa hiyo mwananchi anayekwenda kugombana nayo pekee, bila kumfikia aliyepeleka habari yenye kosa, atazunguka. Chimbuko la kosa karibu siku zote liko kwa mkopeshaji: benki, taasisi ya mikopo midogo, au huduma ya mkopo wa simu. Lakini taasisi hiyo nayo haiwezi kumfungulia mtu yeyote faili la mkopaji kwa sababu tu amefika mlangoni akataja jina. Taarifa ya mkopo ni siri ya mwenyewe. Ndiyo maana swali la utambulisho huja mwanzoni kabisa, kabla hata ya kusikilizwa malalamiko, na haifai kulichukulia kama dharau.

Makosa mengi huanzia kwenye majina. Ukiita "Juma Saidi" katika stendi ya Mikumi, watageuka watu kadhaa. Mtu aliyebatizwa Yohana huandikwa John mahali pengine, Petro akawa Peter. Ramadhani hupoteza herufi ya mwisho akawa Ramadhan. Wafugaji wa Parakuyo wana neno "ole" ambalo karani mmoja huliandika na mwingine huliacha. Mwanamke aliyefungua akaunti kwa jina la baba yake anaolewa, na kadi ya kliniki, daftari la kikoba na fomu ya mkopo vinabeba jina la mume. Mkulima wa miwa wa Ruhembe au Kidodi anaweza kuwa na jina moja katika daftari la chama chake cha ushirika, na jina jingine katika akaunti anamolipiwa fedha za miwa yake. Hakuna udanganyifu wowote hapo. Ndivyo watu wanavyoishi. Lakini kompyuta haijui desturi za watu.

Kutokana na hayo huzaliwa makosa ya aina mbili ambayo sura zake ni kinyume. Katika aina ya kwanza watu wawili hutiwa katika faili moja, na deni la mmoja likamwangukia mwingine. Katika aina ya pili mtu mmoja hupasuliwa akawa na mafaili mawili. Mikopo aliyoilipa vizuri inakaa upande mmoja, na ule mmoja uliochelewa unakaa upande wa pili peke yake, kana kwamba hajapata kulipa chochote maishani. Aina ya pili haipigiwi kelele sana, ila hasara yake si ndogo, kwa sababu inamnyima mtu sifa aliyoijenga kwa miaka mingi.

Si Tanzania pekee. Mwaka 2011 huko California, Marekani, Sergio Ramirez alikwenda kununua gari. Taarifa ya kampuni ya TransUnion ikaonyesha kwamba jina lake linalingana na la watu walio katika orodha ya serikali ya watu wasioruhusiwa kufanyiwa biashara, orodha yenye magaidi na wauza dawa za kulevya. Gari likabidi linunuliwe kwa jina la mke wake. Ilibainika kwamba kampuni hiyo ililinganisha jina la kwanza na la mwisho tu, bila kuangalia tarehe ya kuzaliwa. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi ile, ikaamuliwa mwaka 2021. Katika watu 8,185 waliokuwa katika kundi la walalamikaji, mahakama iliwapa haki ya kudai fidia 1,853 tu, wale ambao taarifa zao zilikuwa zimekwishafikishwa kwa wafanyabiashara. Walio na kosa lile lile katika mafaili yao, lakini ambao hakuna mtu wa nje aliyelisoma, walitoka mikono mitupu. Yaliyompata Ramirez yangeepukika kama mtu angeangalia tarehe moja.

Kwa Mtanzania, tarehe hiyo imo ndani ya Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Watu wawili wanaweza kulingana majina matatu yote. Namba hiyo hawawezi kulingana. Ndiyo silaha ya kwanza ya yule mzee wa Dumila. Aombe aonyeshwe faili la deni linalodaiwa limefunguliwa kwa namba ipi. Ikiwa ni namba nyingine, hoja yake imekwisha kwa sehemu kubwa.

Shida ni kwamba madeni mengi ya zamani hayana namba hiyo. Vitambulisho vya Taifa vilianza kutolewa mwaka 2013, na kwa wananchi wengi wa vijijini namba ilikuja baadaye, hasa wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019 na kufikia kikomo chake Januari 2020. Kabla ya hapo mtu alikopa kwa kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, au barua ya mtendaji yenye picha. Ikiwa faili la deni lina kadi ya mpiga kura tu, hakuna tarakimu 20 za kulinganisha. Hapo inabidi kurudi kwenye karatasi zenyewe: fomu ya maombi ya mkopo, picha iliyobandikwa, saini au dole gumba, majina ya wadhamini, mahali alipoishi mkopaji. Mwananchi aliyesingiziwa deni ana kila sababu ya kumwomba mkopeshaji kwa maandishi alitoe faili hilo na kulilinganisha naye. Picha ya mtu mwingine ikionekana, au mdhamini wa Tanga ambaye mzee hajapata kumsikia, maelezo marefu hayahitajiki tena.

Wenye majina yanayotofautiana wana kazi ya ziada, nayo ni kujenga daraja kati ya jina na jina. Kwa mwanamke aliyebadili jina kwa ndoa, cheti cha ndoa ndicho daraja. Kwa tofauti ya tahajia, Yohana na John, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili au hakimu, inayosema kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, kwa kawaida hutosha. Kiapo hicho kiandike majina yote jinsi yalivyo katika kila hati, herufi kwa herufi, na kitaje hati zenyewe. Viapo vingi huandikwa kwa haraka, vikataja jina moja tu, na mwombaji akarudishwa. Aidha kiapo hakibadili jina lililo NIDA, kinaeleza tu. Anayetaka kubadili jina lenyewe hutumia hati ya kubadili jina inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, kisha aipeleke NIDA warekebishe kumbukumbu zao. Na ikiwa kosa liko NIDA kwenyewe, lirekebishwe huko kwanza. Kurekebisha taarifa ya mkopo juu ya kitambulisho chenye kosa ni kupaka rangi ukuta ulioegama.

Kuhusu barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, inafaa kusemwa wazi kwamba haichukui nafasi ya namba ya NIDA. Hata hivyo inasaidia sana pale suala ni makazi na kufahamika kwa mtu. Barua yenye kusema tu kwamba "mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba apewe msaada" haimsaidii yeyote. Barua yenye manufaa hutaja majina matatu kama yalivyo katika kitambulisho, majina mengine anayofahamika nayo kijijini, kijiji na kitongoji, amekaa hapo tangu lini, na kusudi la barua. Picha ndogo ibandikwe na igongwe muhuri, nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Ikiwa deni linadaiwa kukopwa Mwanza mwaka fulani, na barua inasema mtu huyu aliishi Ulaya au Kimamba mwaka huo wote, hiyo ni hoja ya kweli. Wananchi wawaombe watendaji waandike hivyo, na watendaji wasione taabu.

Wapo wazee na wafanyakazi wa mashambani ambao vidole vyao havisomeki kwenye mashine. Jembe, panga la miwa na mkonge huchubua ngozi ya ncha za vidole kwa miaka, hadi mistari ikafutika. Mtu huyo anapoweka kidole mara tatu mashine ikamkataa, watu waliosimama nyuma yake humtazama kama mwongo. Si mwongo. Asiondoke. Aombe vijaribiwe vidole vingine, na ikishindikana aombe kuhakikiwa kwa picha na maswali ya kumbukumbu zake, huku akiwa na kitambulisho chenyewe mkononi. Na aombe iandikwe kwamba vidole vyake havikusomeka, ili mahali pengine asianze upya.

Mikopo ya simu imeleta sura nyingine. Tangu M-Pawa ianze mwaka 2014, mtu anaweza kukopa bila kuonana na mtu yeyote, kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa namba yako ya NIDA wewe bila habari. Wapo waliowekeshwa kidole mara ya pili na ya tatu na wasajili wa barabarani kwa kisingizio kwamba "mtandao umegoma", na kila mara laini nyingine ikasajiliwa. Kila mwananchi anaweza kupiga *106# kwenye simu yake akaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta namba asiyoijua, aende kwa mtoa huduma wa mtandao huo ifungwe, na apewe uthibitisho wa maandishi kwamba hakuwa akiitumia. Kisha atoe taarifa polisi, apate namba ya RB. Karatasi hizo mbili, ya mtandao na ya polisi, ndizo zinazogeuza maneno "sikukopa mimi" kuwa malalamiko yanayochunguzika.

Anayeibiwa utambulisho kwa njia hiyo hana faida ya namba ya NIDA, maana namba iliyo kwenye deni ni yake kweli. Kwa hiyo hawezi kutetewa kwa kitambulisho peke yake. Anahitaji kuonyesha tofauti ya vitendo: laini ilisajiliwa siku gani na wapi, fedha zilitumwa kwenda namba ipi, yeye siku hiyo alikuwa wapi. Ni kazi ngumu zaidi kuliko ya mzee wa Dumila, na haifai kumficha mtu ukweli huo. Wasaidizi wa kisheria, ambao kazi yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huweza kumsaidia kuandika maelezo yake bila malipo.

Yapo pia madeni ya programu za simu zisizo na leseni, zile zinazopiga simu kwa ndugu na jirani wa mkopaji na kumwaibisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini. Mwananchi anayetishwa na mmoja wa wakopeshaji wa namna hiyo asikimbilie kutuma picha ya kitambulisho chake ati "afutwe kwenye mfumo". Atakuwa amewapa walichokuwa wanakitafuta. Ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040.

Na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu mtu anayehangaika kujithibitisha ndiye rahisi kuibiwa. Benki au taasisi halali ya taarifa za mikopo inahitaji kumjua mlalamikaji: majina, namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, nakala ya kitambulisho, wakati mwingine picha. Haihitaji namba ya siri ya akaunti wala ya simu, wala tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi wakati wa muamala. Haihitaji kubaki na kitambulisho halisi. Anayepeleka nakala aandike juu yake kwa kalamu, mshazari, bila kuziba uso wala namba: "Kwa ajili ya kurekebisha taarifa za mkopo tu," na tarehe. Nakala zilizoachwa kwenye duka la kutolea kivuli zichukuliwe, hata zile zilizotoka vibaya. Na yule kijana wa stendi anayedai ana mtu wake ndani atakayefuta deni kwa ada kidogo hana mtu yeyote.

Malalamiko yaandikwe. Maneno ya mdomo dirishani hayana tarehe wala shahidi. Barua ifike kwa mkopeshaji na nakala yake kwa taasisi iliyotoa taarifa, ikieleza ni deni gani, la kiasi gani na la tarehe gani linalobishaniwa, kosa ni nini, na ni hati zipi zimeambatishwa. Malalamiko yasemayo "taarifa zangu zote ni za uongo" ni rahisi kuwekwa kando. Yanayoonyesha mstari mmoja wenye kosa na hati moja inayoupinga hulazimu kujibiwa. Mkazi wa Mikumi si lazima afunge safari ya Dar es Salaam; barua na nakala zilizothibitishwa na wakili zinaweza kutumwa. Anayeamua kwenda mwenyewe abebe hati halisi, kwa kuwa huko ndiko zitakakolinganishwa na nakala.

Mkopeshaji akinyamaza au akijibu bila kushughulikia hoja, mlalamikaji ana haki ya kulifikisha suala Benki Kuu, ambayo ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na ambayo kwa wakazi wa wilaya hii ina ofisi Dodoma na Dar es Salaam. Kwa vikundi vya kijamii vya fedha, ambavyo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ni daraja la nne, usimamizi umekasimiwa kwa halmashauri, na malalamiko yake huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Aidha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa kila mtu haki ya kuziona taarifa zake na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko ya haki hiyo inapokiukwa.

Lililo gumu kulitibu ni wakati. Mzee wa Dumila anaweza kushinda hoja yake na bado akakosa msimu. Kwa sababu hiyo mwenye nia ya kukopa masika aombe taarifa yake mapema, miezi kadhaa kabla, wakati mahindi ya msimu uliopita bado yako ghalani, na si siku anayokwenda kuomba mkopo. Na kama kosa limekwisha kuonekana na mvua ziko karibu, amwombe ofisa mikopo aandike katika maombi kwamba deni hilo linabishaniwa, na aambatishe barua ya malalamiko iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ofisa halazimiki kutoa mkopo kwa hilo, lakini anayeamua baadaye atakuwa amesoma upande wa pili.

Baada ya kuambiwa kwamba kosa limerekebishwa, mlalamikaji aombe nakala mpya ya taarifa na kuisoma mstari kwa mstari, jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya NIDA, kila deni. Kisha aombe na nakala ya taasisi ya pili, kwa kuwa kufutwa kwa deni katika faili moja si uthibitisho kwamba limefutwa na katika lingine, na mkopeshaji wa mwakani huenda akasoma hilo lingine.